Uzi: Kujenga msamiati wa Kiingereza kwa fasili, visawe na vinyume bila kuchanganya maneno

Kidahizo

Wakuu, habari za leo.

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akiingia kidato cha kwanza anakuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote zimehamia kwenye Kiingereza. Ushauri anaopewa karibu kila mahali ni mmoja: chukua daftari, piga safu tatu, andika neno, kisawe chake na kinyume chake, kisha kariri. Daftari linajaa. Halafu anaandika kwenye insha "the goat passed away", au anamwambia mwenzake "borrow me your pen", na anakosa alama kwa maneno ambayo daftari linaonyesha anayajua.

Fasili, visawe na vinyume ni zana nzuri sana. Kinachoharibu ni mpangilio. Msimamo wangu ni huu: fasili itangulie, kisawe kingoje mpaka neno la kwanza likomae kichwani, na kinyume kije mwisho, tena kwa maana moja moja. Ukivileta vyote siku moja unajitengenezea mkanganyiko ambao utakuchukua muda kuuondoa.

Tuanze na fasili. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ni nzuri kwa kupata maana haraka, lakini haikuonyeshi mipaka ya neno. Kwa mipaka unahitaji kamusi ya wanaojifunza lugha. Longman Dictionary of Contemporary English, tangu toleo lake la kwanza la 1978, hufasili maneno yake kwa msamiati teule wa maneno kama 2,000 tu. Oxford nao wana orodha yao ya maneno 3,000. Maana yake ni kwamba ukiyamiliki hayo 2,000, fasili zote zilizobaki zinasomeka. Kamusi ndogo za mfukoni hazikupi hilo. Ukitafuta "brave" zinakuambia "courageous", ukienda "courageous" zinakurudisha kwenye "brave", na umezunguka bure.

Fasili nzuri ina sehemu mbili: jamii ya kitu, na kinachokitofautisha na ndugu zake. Kwa mfano "kettle" ni "a container with a lid, a handle and a spout, used for boiling water". Jamii ni "container". Yote yaliyobaki ni tofauti. Zoezi lake: soma fasili mara mbili, funika kamusi, andika yako kwa maneno yasiyozidi 12, kisha jiulize kama kuna kitu kingine kinachoweza kuingia kwenye fasili uliyoandika. Ukiandika kwamba "bowl" ni "a container for food", hotipoti na sahani navyo vimeingia, kwa hiyo hujamaliza kazi.

Usiruke alama ndogo zilizo pembeni ya neno. Herufi U inakuambia nomino haihesabiki, ndiyo maana hakuna "advices", "furnitures", "equipments" wala "informations". Alama ya "formal", "informal" au "disapproving" ina uzito sawa na maana yenyewe, na tukifika kwenye visawe mtaona kwa nini.

mama_Nasra

Mwalimu Kidahizo, ahsante kwa uzi. Ila mtoto aliyetoka darasa la saba huenda hajui hata maneno 500 ya Kiingereza. Ukimpa fasili ya Kiingereza si unampa maneno kumi mapya ili ajue moja?

Kidahizo

Swali la haki kabisa, dada. Kwa maneno 1,000 ya mwanzo tumia Kiswahili bila kusita. "Spoon" ni kijiko, imekwisha. Fasili ya Kiingereza kwa neno la aina hiyo ni kupoteza muda. Baada ya hapo changanya: Kiswahili upande mmoja, fasili fupi upande mwingine. Akipita maneno 2,000 fasili ishike usukani, Kiswahili kibaki cha kuhakikisha tu.

Kuhusu maneno yapi yaanze, usiokote ovyo kwenye gazeti. Michael West alitoa General Service List mwaka 1953, maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Mwaka 2013 ilitoka orodha mpya ya aina hiyo yenye maneno kama 2,800, na inapatikana bure mtandaoni. Kidato cha tano, cha sita na chuo waongeze Academic Word List ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na maumbo yake mengine).

Mkunazini

Naomba niingie kwenye visawe, maana hapa watu wanapotea sana, na Kiswahili chenyewe kinatufundisha.

Sisi tuna kufa, kufariki, kuaga dunia. Mtu yeyote aliyelelewa na lugha hii hawezi kusema ng'ombe wa jirani amefariki, wala hatasema mbele ya wafiwa kwamba mzee wao kafa. Hakuna aliyemfundisha kwa orodha, anajua tu kwamba maneno haya yana watu wake na mahali pake. Kiingereza ni vivyo hivyo. "Pass away" ni ya binadamu, kwa heshima. "Die" ni ya viumbe vyote. "Perish" inaelekea maafa, meli imezama, njaa imepiga. Mbuzi "died". Betri ya simu nayo "died". Hakuna betri iliyo-"pass away".

Kwa hiyo kila kisawe nakipitisha kwenye majaribio matatu.

La kwanza, kibadilishe ndani ya sentensi. "Start" na "begin" zinabadilishana kwenye "the lesson began at eight". Lakini gari unali-"start", huli-"begin".

La pili, nani analisema na wapi. "Help" ni ya kila mahali, "assist" ni ya ofisini na kwenye barua. "Thin" haina ubaya, "slim" ni sifa, "skinny" mara nyingi ni kasoro. "Childlike" ni kumsifu mtu kwa moyo safi, "childish" ni kumwambia ana utoto.

La tatu, jirani zake. Mvua ni "heavy rain", chai ni "strong tea", upepo ni "strong wind". Zote tatu kwa Kiswahili unaweza kuzipa "kali" au "kubwa", na hapo ndipo "big rain" inapozaliwa.

Fundi wa Insha

Mkunazini umenena. Niongeze jaribio la nne ambalo ni sumu kubwa kwenye mitihani: sarufi inayofuata neno. Visawe viwili vinaweza kuwa na maana moja na mikia tofauti.

"Talk about" ina "about". "Discuss" haina. Ndiyo maana "we discussed about the problem" ni kosa. "Ask for" ina "for", lakini kitenzi "request" hakina, unaandika "he requested a transfer". "Put emphasis on" ina "on", "emphasise" haina. "Arrive at the station" lakini "reach the station". Makosa yote manne yana chanzo kimoja: mtu kajifunza kisawe kwenye safu ya daftari, akakivika mkia wa mwenzake.

Kwenye kadi au daftari usiandike "discuss = talk about". Andika "discuss something". Neno moja la ziada, na kosa halizaliwi.

Chaki Nyeupe

Kuna anayejua kwa nini Kiingereza kina visawe vingi kiasi hiki? Wanafunzi huuliza.

Mkunazini

Sababu kubwa ni historia. Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo watawala, mahakama na matajiri walitumia Kifaransa huku mwananchi wa kawaida akiendelea na Kiingereza chake. Kilatini nacho kilikuwa cha kanisa na wasomi. Matokeo yake neno moja lina tabaka tatu: "ask" ya wenyeji, "question" ya Kifaransa, "interrogate" ya Kilatini. "Kingly", "royal", "regal" vilevile.

Hili lina faida ya kivitendo. Ukikutana na visawe viwili, kimoja kifupi na kingine kirefu chenye sura ya Kilatini, kifupi mara nyingi ndicho cha kila siku na kirefu ndicho cha ofisini. Ona "get" na "obtain", "buy" na "purchase", "end" na "terminate". Si kanuni isiyovunjika, ila inakuongoza vizuri mpaka ufungue kamusi.

Kivu_Yetu

Habari kwenu wote, niko Bukavu. Kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa hayo ya Mkunazini yanageuka. Maneno marefu ndiyo rahisi kwetu kwa sababu tunayajua tayari: "commence", "obtain", "terminate". Mtu wa huku anayeanza Kiingereza anaandika barua kwa rafiki kama anaandikia wizara. Kwetu kazi ni kujifunza yale mafupi, "start", "get", "end", pamoja na yale ya vipande viwili kama "give up" na "put off".

Na kuna maneno yenye sura moja na maana mbili kati ya lugha hizo. "Actually" si "actuellement", ni "kwa kweli", si "kwa sasa". "Library" ni maktaba, "librairie" ni duka la vitabu. "Sensible" ya Kiingereza ni mtu mwenye busara, ya Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa. "Demand" ni kudai kwa nguvu, si kuomba kama "demander". Hii ya mwisho inaweza kukuharibia barua ya kuomba kazi. Wenzetu wa Burundi na Rwanda waliopitia Kifaransa wanayakuta hayo hayo.

Kidahizo

Ndugu wa Bukavu, hilo la "demand" liwekwe kwenye fremu.

Sasa nirudi kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi. Usiingize mapacha kichwani siku moja. Ukimfundisha mtu "borrow" na "lend" kwenye kipindi kimoja, kesho anakumbuka vizuri kwamba kulikuwa na maneno mawili kuhusu kuazima. Asichokumbuka ni lipi ni lipi. Maneno mawili mapya yenye maana zinazokaribiana yanashindana mahali pamoja kwenye kumbukumbu, na mchanganyo huo ukishakaa haumtoki upesi.

Jambo hili limepimwa. Thomas Tinkham mwaka 1993 na Rob Waring mwaka 1997 walilinganisha watu waliojifunza maneno mapya yaliyopangwa kwa kundi la maana na waliojifunza maneno yasiyohusiana. Makundi ya maana yalichukua juhudi zaidi, si pungufu. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati, amekuwa akishauri kwa miaka mingi tusifundishe vinyume na visawe kwa pamoja pale vyote vinapokuwa vipya.

Vitabu vingi bado vinatoa rangi zote somo moja, siku zote za wiki somo moja, na orodha ya "opposites" ukurasa mzima. Inapendeza machoni, lakini kumbukumbu inaumia.

Chaki Nyeupe

Hapa napingana na wewe kidogo, mkuu. Kuna maneno ambayo hayaeleweki bila mwenzake. "Shallow" utaielezaje bila "deep"? Na mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye maneno yake 3,000 anafaidika sana akiona "reluctant" kando ya "willing".

Kidahizo

Hatupingani. Neno la kuangalia ni "vyote vipya". Kama "deep" unaijua imara, "shallow" inaegemea juu yake na inapata nguvu. "Willing" kwa mtu wa kidato cha nne ni ya zamani, kwa hiyo "reluctant" haina cha kushindana nacho. Hatari ni mbili mpya kwa mkupuo. Kwa anayeanza nashauri apishanishe angalau wiki mbili, na kila neno alipe mazingira yake. "Borrow" iishi maktaba: "I borrowed two books from the library". "Lend" ije baadaye na iishi kwenye pesa: "The bank lent him the money". Usizipe sentensi zinazofanana.

Halafu "borrow" na "lend" zina tatizo la ziada kwetu kwa sababu kuazima ya Kiswahili inatumika pande zote mbili, aliyepewa na aliyetoa. Anayetaka nanga aitafute kwenye kukopa na kukopesha. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kauli ya kutendesha inabeba mzigo ule ule ambao Kiingereza kimeupa neno jingine kabisa.

Mkunazini

Na hiyo kutendesha inafungua mlango mzima. "Rise" ni kupanda, "raise" ni kupandisha. "Lie" ni kulala, "lay" ni kulaza. "Fall" ni kuanguka, "fell" kwa maana ya mti ni kuangusha. Kwa Kiswahili unaona shina moja limeongezwa kiambishi, kwa Kiingereza irabu imebadilika.

Kutendua ndiyo tamu zaidi. Tuna funga na fungua, kunja na kunjua, pakia na pakua, funika na funua. Kiambishi "un-" kwenye vitenzi vya Kiingereza kinafanya kazi hiyo hiyo ya kurudisha nyuma tendo: "tie" na "untie", "fold" na "unfold", "load" na "unload", "cover" na "uncover". Mwanafunzi akielezwa hivi anaelewa palepale.

Ila kwenye vivumishi "un-" hairudishi tendo, inakanusha tu. "Unhappy" si mtu aliyeondolewa furaha, ni asiye na furaha. Na haipachikwi popote: kinyume cha "open" ni "close", hakuna "unopen" ya kufunga.

Fundi wa Insha

Viambishi vingine vya kukanusha ni rahisi kama ukifuata sauti. "In-" inageuka "im-" mbele ya p, b na m: "impossible", "imbalance", "immature". Inageuka "il-" mbele ya l: "illegal". Inageuka "ir-" mbele ya r: "irregular", "irresponsible". "Un-" yenyewe haigeuki hata siku moja, ndiyo maana "unpopular", "unlimited" na "unreliable" ziko sawa.

Mahali pa kukaa macho ni pale kivumishi na nomino vinapoachana: "unable" lakini "inability", "unequal" lakini "inequality", "unjust" lakini "injustice", "unstable" lakini "instability". Hizi nne zikariri kwa jozi. Hapa hakuna mashindano, ni familia moja.

Halafu mitego. "Invaluable" ni kitu cha thamani kubwa mno. "Priceless" vilevile. "Infamous" ni maarufu kwa ubaya. "Disinterested" kwa matumizi makini ni asiyeegemea upande, hakimu anatakiwa awe hivyo, wakati "uninterested" ni asiyejali. "Helpless" si kinyume cha "helpful", ni mtu asiyejiweza, na kinyume cha "helpful" ni "unhelpful". Na hii ni ya usalama kabisa: "inflammable" maana yake inashika moto, sawasawa na "flammable". Ukiona neno hilo kwenye lori la mafuta, weka kiberiti mbali. Isiyoshika moto ni "non-flammable".

Chaki Nyeupe

Kwenye vinyume niongeze aina zake, maana maswali ya ufahamu yanawaangusha watu hapa.

Kuna vinyume vya ngazi. Kati ya "freezing" na "boiling" kuna "cold", "cool", "lukewarm", "warm", "hot". Ukisema maji "not hot" hujasema ni "cold", yanaweza kuwa vuguvugu. Ncha mbili za ngazi hazipendi "very", zinapenda "absolutely": "very cold" lakini "absolutely freezing".

Kuna vinyume vya mkato. "Dead" na "alive", "absent" na "present". Hapa "not alive" ni "dead", hakuna katikati.

Kuna vinyume vya pande mbili za jambo moja: "buy" na "sell", "teach" na "learn", "employer" na "employee". Ukiuza mimi nimenunua. Mtihani ukisema "Asha sold the bicycle to Juma" na jibu likasema "Juma bought the bicycle from Asha", hakuna kilichobadilika kwenye maana.

Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba kinyume ni cha maana, si cha neno. Chukua "deep". Maji ni "shallow", sauti ni "high", usingizi ni "light", rangi ni "pale". "Old" kwa mtu ni "young", kwa kiatu ni "new". "Hard" kwa jiwe ni "soft", kwa swali ni "easy". "Light" ina "dark" na ina "heavy". Ukiandika kinyume kimoja mbele ya neno bila nomino yake, umejidanganya. Andika "deep voice / high voice", usiandike "deep / high".

Kidato Kimoja

Walimu wangu, shikamooni. Mnaongelea kadi na daftari. Kadi yenyewe inatengenezwaje, na maneno mangapi kwa siku?

Kidahizo

Marahaba kijana.

Karatasi ya A4 ikunje katikati mara tatu, kata kwenye mikunjo, unapata kadi 8. Mbele andika sentensi yenye pengo, na herufi ya kwanza ya neno: "The river is s______ here, even a child can walk across." Nyuma andika "shallow", fasili yako fupi, neno la Kiswahili kama unalihitaji, na majirani wawili wa neno hilo: "shallow water", "shallow grave". Sehemu ya chini ya kadi iache tupu. Hapo ndipo kisawe na kinyume vitakapoandikwa baadaye, kadi ikifika kisanduku cha tatu.

Visanduku ni mfumo ulioenezwa na mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970. Badala ya visanduku, bahasha tano zinatosha. Bahasha ya kwanza pitia kila siku, ya pili kila baada ya siku moja, ya tatu mara moja kwa wiki, ya nne kila wiki mbili, ya tano mara moja kwa mwezi. Ukipata kadi inasonga mbele. Ukikosa inarudi ya kwanza, hata kama ilikuwa ya tano. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia AnkiDroid, ni ya bure na inahesabu ratiba yenyewe, lakini kadi uliyoiandika kwa mkono ina faida yake kwa anayeanza.

Idadi: maneno 8 mapya kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hiyo ni 40 kwa wiki, na kwa wiki 36 za masomo ni 1,440. Anayeanza na 30 kwa siku huwa anaacha, si kwa uvivu, ni kwa sababu marudio ya wiki zilizopita yanajilimbikiza juu ya mapya mpaka kikao cha dakika 20 kinakuwa cha saa nzima na zaidi. Marudio yakikulemea, simamisha maneno mapya mpaka bahasha ya kwanza ipungue.

Na usigeuze kadi kabla hujajaribu kulisema jibu. Kusoma mbele na nyuma kama unasoma gazeti hakujengi kumbukumbu.

Nakuru254

Salamu kutoka Kenya. Mmesahau maneno ya maswali yenyewe. Mwanafunzi anaweza kujua somo lote na apoteze alama kwa sababu hajatofautisha "state", "explain" na "outline". "State" ni taja kwa ufupi. "Outline" ni toa mambo makuu bila kuingia ndani. "Describe" ni eleza kilivyo. "Explain" ni eleza kwa nini au kivipi. "Account for" ni toa sababu, haina uhusiano na hesabu za pesa. "Distinguish" inataka pande zote mbili kwenye kila hoja, si aya moja ya huku na nyingine ya kule. Haya yasichukuliwe kama visawe hata kidogo.

Pia kuna Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki ambacho kinaeleweka hapa na kinashangaza kwingine. Tunasema "escort me to the stage" kwa maana ya nisindikize kituoni, lakini kwa Mwingereza "escort" ni ulinzi au msafara rasmi. "Walk me to the stop" inatosha. Tunasema "sorry" mtu akijikwaa, kwa sababu tunatafuta neno la "pole", naye anashangaa kwa nini unaomba radhi wakati hukumsukuma. Na "sana" inatufanya tuseme "too good" tukisifu, wakati "too" kwa kawaida ina maana ya kupita kiasi mpaka imeleta shida: "too hot to drink".

Chaki Nyeupe

Naungana na mkuu wa Kenya. Kuna pia maneno yanayobadilika kwa somo. "Solution" kwenye Hisabati ni jibu, kwenye Kemia ni sukari iliyoyeyuka ndani ya maji. "Power" kwenye Hisabati ni kipeo, kwenye Fizikia ni kasi ya kufanya kazi inayopimwa kwa wati, kwenye Uraia ni mamlaka. "Volume" ni ujazo, ni sauti ya redio, na ni juzuu ya kitabu. "Product" ni zao la kuzidisha na ni bidhaa. Kila maana ipewe kadi yake, na pembeni andika jina la somo.

mama_Nasra

Na vile vitabu vya visawe, "thesaurus", tuvinunue?

Fundi wa Insha

Kwa anayeanza, hapana. Peter Mark Roget alipochapisha yake London mwaka 1852 aliyapanga maneno kwa mawazo ili mwandishi mwenye wazo aone maneno yanayolizunguka. Ni kitabu cha kumkumbusha mtu maneno anayoyajua. Hakikuambii lipi ni la heshima na lipi la dharau. Atakayetumia afuate sharti moja: kila neno atakalolitoa humo alirudishe kwenye kamusi ya wanaojifunza, asome mifano miwili, ndipo aliandike.

Kwa wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, msamiati ni robo ya alama za kuandika na za kuzungumza, ila wanapima kama neno limekaa mahali pake, siyo ugumu wake. Hata GRE ya Marekani, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, iliondoa maswali ya vinyume vya neno moja moja mwaka 2011, ikaweka maneno ndani ya sentensi.

Kidato Kimoja

Nimejaribu kadi ya kwanza, naomba mnisahihishe.

Mbele: The price of this bag is c______.
Nyuma: cheap. Fasili: not expensive. Visawe: inexpensive, affordable. Kinyume: expensive, difficult.

Kidahizo

Umeanza vizuri, kijana. Twende kipande kwa kipande.

Sentensi: kitu ndicho "cheap", bei ni "low". Andika "This bag is cheap" au "The price is low". Umesukumwa na "bei rahisi" yetu, na wengi wanaandika hivyo, lakini kwenye karatasi ya mtihani tumia "low".

Fasili: "not expensive" imekanusha tu, haijasema kitu. Jaribu "costing little money". Ongeza alama kwamba wakati mwingine "cheap" inabeba dharau, kitu cha ovyo. "Inexpensive" haina dharau hiyo, kwa hiyo muuzaji anayejua lugha ataichagua.

"Affordable" iondoe kwenye kadi hii. Inategemea mfuko wa mnunuzi. Gari linaweza kuwa "expensive" na bado likawa "affordable" kwa mwenye mshahara mkubwa.

"Difficult" imeingia kwa sababu rahisi ya Kiswahili ina vinyume viwili, ghali na ngumu. "Cheap" inachukua upande wa ghali peke yake. "Easy" na "difficult" zipewe kadi zao, na usizitengeneze wiki hii.

Kisawe na kinyume vifute kwa sasa, hata vile vilivyo sahihi. Ukiipata kadi hii mpaka ikafika bahasha ya tatu, ndipo uandike "inexpensive" chini upande wa kushoto na "expensive" upande wa kulia, kila kimoja na nomino yake.